Mpishi na Chumba Chake cha Turffontein

Ubaya ninaokusudia kuuanika hapa ni choyo kinachovaa joho la huruma. Choyo kitupu hutambulika mapema, na watu hujikinga nacho. Lakini choyo kinachobisha hodi kwa machozi, sinia mkononi na dua mdomoni, hufunguliwa mlango na mwenye nyumba mwenyewe. Nimekiona kikifanya kazi yake hapa Johannesburg, miongoni mwa watu wangu, watu wanaosali na kufunga. Na aliyelengwa alikuwa mwanamke mzee ambaye kosa lake lilikuwa moja tu: alistaafu, akafurahi.

Nitamwita Mpishi, kama tulivyomwita sote. Alizaliwa wapi na ni binti wa nani, hayo sitayagusa. Mtu hupimwa kwa aliyoyachagua, na hakuna aliyechagua nasaba. Inatosha kusema kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na harusi, hitima wala maulidi ya Waswahili wa Fordsburg ambayo hayakupita mikononi mwake, na kwamba mimi na yeye tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta, katika jengo lililo juu ya maduka ya vitambaa. Kisha akahamia nyumba ya wastaafu kule Turffontein, ghorofa ya pili, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uwanja wa mbio za farasi. Majira mazima ya baridi tulikaa bila kujua kama chumba kile kitabaki chake. Wanaokisubiri chumba kama hicho ni wengi. Akitoka mmoja huingia mwingine, na aliyetoka harudi. Habari yenyewe ndiyo hiyo, lakini haieleweki bila kumjua mwenye chumba.

Jikoni alikuwa mtawala. Alipikia uani nyuma ya ukumbi, mwiko wake ukimfika kifuani, na sikumbuki kumsikia akipaza sauti hata mara moja. Hakuwa na haja. Siku moja mfanyabiashara wetu mmoja, mnene wa heshima na wa mwili, aliingia uani kabla wageni hawajakaa, akafunua sufuria ya nyama.

"Bi Mpishi, naonja tu."

"Onja kwa mkono wa kushoto basi," alimjibu bila kugeuka, "maana huo wa kulia nitaupiga mwiko."

"Ala! Mbuzi huyu si nimemnunua mimi?"

"Na mbuzi amekwisha kukusamehe. Mimi bado."

Uani pote palivuma kicheko, na tajiri yule akatoka akijipangusa vidole kwa kanzu. Mpishi hakucheka. Alikuwa na imani kwamba chakula cha watu wengi ni amana, na kwamba anayekionja kabla ya wenziwe amewaibia wote kwa pamoja. Yeye mwenyewe hakula katika karamu alizozipika. Alirudi nyumbani, akachemsha chai, akala mkate. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Jirani, umewahi kumwona mshona sanda akiijaribu?"

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, makavu na yenye makali pande zote mbili. "Mwenye njaa humwona mpishi, aliyeshiba huiona sahani." Hili nililisikia mara nyingi, nikalichukulia kuwa mzaha wa jikoni. Baadaye niligundua kwamba lilikuwa ni hesabu aliyotufanyia sote, na jibu lake alikuwa nalo.

Aliolewa mara moja, kwa muda mfupi, na hakupenda kulizungumzia. Wanawake wa jengo letu walimtafutia wachumba hadi wakachoka wao. "Bi Mpishi, utazeeka na nani?" walimuuliza. Naye hujibu, "Na mimi mwenyewe. Tumezoeana."

Siku aliyostaafu hakutangaza. Baada ya Idd moja aliyakwangua masufuria yake makubwa, akayasugua hadi yakang'aa, akawapa wanawake wa kwaya ya kanisa la Wakongo kule Rosettenville, kwa kuwa ndio waliomwomba kwa adabu. Mji mzima ulilisema jambo hilo. Masufuria yaliyopikia maulidi yamekwenda kanisani! Mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye nitamzungumzia kwa urefu, alimfuata ngazini akihema.

"Mama, yale si ya kutoa hivi hivi. Yale ni ya Waislamu."

"Sufuria haisilimu wala haibatizwi," alisema. "Hupikiwa tu. Nami sipiki tena."

Hatukumwamini. Tulidhani ni hasira itakayopoa. Hata alipofunga mizigo yake, ambayo haikujaza gari dogo, tulimsindikiza kama tunavyomsindikiza mtu anayekwenda hospitali.

Sasa niseme nilivyomkuta kule, maana nilikwenda mara kwa mara, na nilikwenda kwa mashaka. Nilisoma mengi juu ya uzee na upweke, na nilitarajia kuviona vyote viwili vimekaa kitini. Nilimkuta mwanamke aliyenenepa kidogo, amevaa soksi nene za sufu, mlango wake una ufunguo na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya leso yake. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, msala na dirisha. Kengele ya chakula ilipolia, wazee wengine waliinuka kwa unyonge, kama watu wanaoitwa kwa daktari. Yeye aliinuka kama aliyealikwa.

Chakula chenyewe nilikiona. Alikuwa amepatana na jiko la pale apewe mboga, mayai, viazi na samaki, na nyama ya halali alijiletea mwenyewe kutoka Fordsburg akiitamani. Siku ile walipewa viazi vilivyochemshwa hadi vikasahau kuwa ni viazi. Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha msaidizi wake sokoni kwa sababu ya iliki iliyopoteza harufu. Na sasa nilimwona akila viazi vile polepole, macho yameregea kwa raha.

"Vina chumvi?" nilimuuliza.

"Havina."

"Vina ladha?"

"Hata kidogo."

"Sasa unafurahia nini, mama?"

"Sikuvimenya."

Neno hilo moja lilinitosha. Nilitamani lingewatosha na wengine.

Mchana alikaa barazani na mzee mmoja wa Kizulu, aliyekuwa dereva wa treni, ambaye pale wote humwita Dereva. Mzee huyu alikuwa na darubini, na wawili hao walipokezana kuwatazama farasi wakifanya mazoezi kwenye majani yaliyokaushwa na baridi. Walizungumza kwa mchanganyiko wa Kizulu chake yeye na Kiingereza cha wote wawili, naye alimwita Gogo, yaani bibi, kama wote pale.

"Eish, Gogo, leo mtazame yule wa kijivu. Atawaacha wote."

"Yule? Anakimbia kama bwana harusi aliyelazimishwa."

"Tuwekeane basi. Ukishindwa unanipikia kari."

"Kamari haramu," alisema, akichukua darubini, "na kari nimestaafu. Farasi peke yake ndiye aliyebaki halali."

Hakuwahi kuweka dau, wala hakujua farasi wale wanaitwaje. Aliwapenda kwa sababu wanakimbia na hakuna anayemwita yeye awalishe. Lakini Fordsburg ilikuwa imekwisha kupata habari yake: Mpishi anatazama kamari na mwanamume asiye maharimu wake. Kila aliyeisimulia aliongeza kijiko kimoja cha viungo.

Niseme na hofu yake, kwa maana hofu alikuwa nayo moja. Hakuogopa baridi, wala maradhi, wala ukimya wa jioni. Aliogopa kufa mahali pale pasipokuwa na mwanamke wa Kiislamu atakayemwosha na kumvisha sanda. Aliniambia hivyo mara moja tu, akitazama dirishani, na hakulirudia. Jumuiya yetu ndiyo inayozika watu wetu katika mji huu, na jumuiya ni Mwenyekiti.

Mwenyekiti si mtu muovu. Nasisitiza hivyo kwa sababu msomaji atapenda awe muovu, na ingekuwa rahisi. Amewasimamia maiti wengi wa kigeni hadi wakafika makwao, amewalipia wagonjwa wasiomhusu, na machozi yake ni ya kweli. Ila ni mtu ambaye hajawahi kutenganisha anachokitaka yeye na anachokitaka Mungu. Majira yale alikuwa na mwana wa kumwoza mara baridi itakapokwisha, na harusi ilikuwa imekwisha kutangazwa hadi Durban.

Alituita juu ya duka lake baada ya sala ya alasiri.

"Ndugu zangu," alisema, na machozi yakamtoka, "mama yetu anakula kwenye vyombo vya watu tusiowajua. Anakaa na wanaume. Anatazama kamari. Tutamjibu nini Mola? Nimeamua kumchukua. Nitampa chumba cha uani nyumbani kwangu, karibu kabisa na jiko, asipate baridi."

Wazee wakaitikia. Mmoja wao, kwa moyo safi kabisa, akauliza, "Na ile harusi ya kijana, Mwenyekiti, wapishi umepata?"

"Mama akirudi," alisema akijifuta macho, "baraka zote zitarudi."

Nikauliza kama yeye mwenyewe ameomba kuchukuliwa.

"Mzee haombi, bwana. Mzee husomwa usoni."

"Basi tumsome vizuri. Mimi nimemwona akicheka."

"Kicheko cha mpweke hicho! Ninyi watu wa vitabu mnasoma kila kitu isipokuwa moyo wa mtu."

Walicheka, na shauri likapita. Niliomba niwemo katika ujumbe, kwa sababu sikutaka uende bila mtu hata mmoja wa kusema hapana.

Tuliondoka asubuhi moja ya baridi kali, Mwenyekiti akiendesha, wazee wawili na mimi nyuma, na mkewe kiti cha mbele, sinia la pilau limefunikwa kwa kawa ya miyaa iliyosukwa magotini mwake. Kila mtu alimwita mke wa Mwenyekiti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyefanya kazi jikoni kwa Mpishi tangu ujana wake, na katika safari ile hakusema chochote. Kwenye roboti ya mwisho, kama tuitavyo hapa taa za barabarani, kabla ya uwanja wa farasi, nyekundu ilitushika. Mwenyekiti akageuka, akaniambia kwa upole, "Leo usiwe na maneno mengi, bwana. Nimekwisha kuzungumza na Meneja wao kwa simu. Nimemweleza desturi zetu."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa ofisini.

Meneja alikuwa mwanamke mkavu, mwenye haki, asiye na muda wa kupoteza. Nje ya mlango wake wa kioo alikaa mzee mmoja, fimbo mapajani na koti lake bora mwilini: ndiye aliyekuwa mbele katika foleni, ameitwa aje kukitazama chumba. Mpishi aliletwa kutoka juu. Alitusalimia mmoja mmoja, akatuuliza habari za watoto, akakaa. Alidhani tumemtembelea. Hata salamu hazijakwisha, Mwenyekiti alimpokonya mkewe sinia, akaliweka juu ya meza ya Meneja, na akaifunua kawa. Mvuke wa pilau ukajaa chumba kile cha makaratasi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Meneja hakulijua, na sisi sote tulilijua. Jikoni kwa Mpishi palikuwa na sheria moja iliyokuwa juu ya zote: chakula kikifunuliwa, ugomvi hufunikwa. Aliwahi kuona, zamani, koo mbili zikitukanana juu ya sinia hadi wali ukamwagwa chini, na ndoa ikavunjika kabla ya bibi harusi kutoka ndani. Tangu siku hiyo, palipokuwa na chakula kilicho wazi hakutamka neno la kupinga wala la kulaumu, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Na mwenye kukifunika ni upande uliokileta. Mgeni akifunika chakula cha mwenziwe amekikataa, na amemkataa na mleta chakula. Tuliishi kwa sheria hiyo katika karamu zetu zote. Wazazi waliwafundisha watoto wao.

"Nimeelezwa," alisema Meneja, akimtazama Mpishi, "kwamba jamaa zako wamekuja kukuchukua na kwamba umekubali. Nimeelezwa pia kwamba kwa mila zenu mwanamke wa heshima halisemi jambo kama hili kwa kinywa, na kwamba kimya chako ndicho ndiyo yako. Mimi sipendi kukisia. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe. Unataka kuondoka?"

Nilimtazama Mpishi. Uso wake ulikuwa umeelewa kila kitu kwa mara moja. Macho yake yalitoka kwa Meneja yakaenda kwenye sinia, yakatoka kwenye sinia yakaenda kwa Mwenyekiti. Kawa ilikuwa mapajani mwa Mwenyekiti, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu yake.

"Meneja," nilianza, "kuna jambo hapa ambalo—"

Mpishi aliinua kidole. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama anavyomtazama msaidizi anayetaka kumimina maji kabla ya wakati. Nikanyamaza, kwa kuwa sheria ilikuwa yake na chumba kilikuwa chake, na hakuniruhusu kukinunua chumba kwa kuivunja sheria.

"Gogo?" alisema Meneja. "Nahitaji jibu."

Kimya. Nje, yule mzee alikohoa akaitengeneza fimbo yake.

"Unaona, madamu," alisema Mwenyekiti kwa sauti ya chini, ya mtu aliye msibani. "Nilikwambia. Hilo ndilo jibu lenyewe." Kisha akamgeukia Mpishi kwa Kiswahili, na machozi, Mungu shahidi, yalikuwa machoni mwake. "Usiogope, mama. Kwetu, siku yako ikifika, utaoshwa na watu wako. Lakini ukibaki huku..."

Hakuimaliza. Mikono ya Mpishi, niliyoiona ikiinua masufuria yanayochemka, iliukumbatia ufunguo uliofungwa kwenye ncha ya leso yake. Meneja aliinuka. Alisubiri kidogo, akaupeleka mkono wake kwenye kitasa cha mlango ili amwite yule mzee aingie.

"Nipe kawa."

Sauti ilikuwa ya mke wa Mwenyekiti. Alikuwa amesimama. Wazee wawili walimtazama kana kwamba kiti kimesema.

"Kaa," alisema mumewe.

"Nipe kawa, baba watoto. Pilau nimepika mimi. Nimeibeba mimi. Na ninaifunika mimi."

"Nimesema kaa, usituaibishe mbele ya watu."

Hakumpa. Mikono yake iliikaza kawa hadi miyaa ikalia. Ndipo mwanamke yule akaivua leso iliyokuwa mabegani mwake, katika baridi ile, akaitandaza juu ya sinia, akazichomeka pembe zake zote kwa utulivu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemlaza mtoto. Katika watu wote waliokuwamo, yeye ndiye aliyekuwa na faida kubwa kuliko wote Mpishi akirudi. Asiporudi, harusi ile ilikuwa imwangukie yeye, na lawama zake zote, na hasira za mumewe juu yake. Alilijua hilo kuliko sisi.

"Chakula kimefunikwa, mama," alisema. "Sema. Na jambo la kuoshwa usilihofu. Siku yako ikifika nitakuosha mimi kwa mikono hii, uwe hapa, uwe popote."

Mpishi alivuta pumzi. Kwa Meneja alisema kwa Kiingereza, neno kwa neno: "Siondoki. Sikukubali. Sikuulizwa." Kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Mwanangu, nimekupikia harusi yako, akika za watoto wako na hitima ya mama yako. Kama ulinipenda mimi, basi niache nilipo. Kama ulipenda pilau, aliyeipika leo amesimama ubavuni mwako, na sijakusikia ukimshukuru. Sikuchoka, sikufukuzwa, sikusahauliwa. Nimemaliza. Mtu hawezi kumaliza?"

Mwenyekiti aliiweka kawa juu ya kiti, akatoka kwenda kungoja garini.

Meneja alimweleza yule mzee wa nje kwamba chumba hakipo. Nakiri kwamba katika shauri zima huyu ndiye aliyenisikitisha: hakumkosea mtu, na alikuwa amevaa koti lake bora. Mpishi alimwona kupitia kioo.

"Mwambieni aje ale," alisema. "Chakula hakirudi garini."

Tulikula hapo ofisini, Meneja kwa uma, yule mzee kwa kijiko, Dereva akiwa ameshuka kwa kuifuata harufu. Mpishi alitia tonge mdomoni, akatafuna, akafikiri.

"Karafuu imezidi," alisema.

Mke wa Mwenyekiti akacheka hadi akajishika ubavu, na machozi yakamtoka. Na sikujua, wala sidhani kwamba yeye alijua, ni machozi ya nini.

Aliyalipia aliyoyatenda. Mumewe hakusema naye kwa majuma, na katika jumuiya wapo waliomwita mkaidi waziwazi, wanaume walioshiba mikononi mwake. Harusi ilifanyika kwa biriani ya kununuliwa mkahawani. Ilikuwa ya kawaida, wageni waliila, bwana harusi na bibi harusi wameoana vilevile kama wangeoana kwa pilau ya Mpishi. Hakuna kikao kilichoitishwa kulijadili jambo lile. Watu wa huruma ya aina hii hawajuti. Husema tu kwamba hawakueleweka. Mwenyekiti bado hulia anapotuhutubia, na bado namwamini kwamba analia.

Nilimtembelea Mpishi mara ya mwisho siku chache zilizopita. Mijakaranda ilikuwa imeanza kudondosha maua barabarani, na mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yakikusanyika juu ya vilima vya machimbo. Macho yake yamepungua nguvu. Sasa Dereva ndiye anayetazama, na kumsimulia, na nashuku kwamba humdanganya ili yule anayempenda ashinde. Upande wake wa pili hukaa mke wa Mwenyekiti, ambaye huja kila juma, huvua viatu, hunyoosha miguu na hapiki kitu. Alikuwa ndani akichukua chai nilipofika.

Nilimwambia Mpishi kwamba nataka kuandika habari zake.

"Andika," alisema. "Ila jina langu usilitie. Limeitwa kutoka kila jiko la mji huu. Nalo nataka lipumzike."

"Na wengine?"

"Wewe utawataja vipi?"

"Mwenyekiti. Dereva. Meneja. Mke wa Mwenyekiti."

Aligeuza uso kunielekea, ingawa sidhani kwamba aliniona vizuri. Radi ilipiga mbali, na farasi uwanjani wakaanza kurudishwa mazizini.

"Nani huyo?"

"Mke wa Mwenyekiti, mama. Aliye ndani."

"Yule Mwenyekiti hakufunika kitu," alisema, "na mkewe hakusimama pale kwa sababu ni mkewe. Mimi jina langu nimelinyima watu kwa hiari yangu. Yeye lake amenyimwa. Hayo si mamoja, jirani, na wewe mtu uliyesoma unajua kwamba si mamoja. Chukua kalamu. Nitakutamkia, nawe uliandike vizuri, mahali ambapo mtu akimaliza kusoma litabaki mdomoni."

Nikachukua kalamu. Akalitamka polepole, kama mtu anayetaja kipimo kisichotakiwa kukosewa: Mwanaidi binti Makame.